Siku Baba Alipofuata Shamba Lake Baharini

Miaka mitatu nilipika kwenye boti ya kutembeza watalii huku Tana ya chini, na kama ungeniuliza mto unafananaje, ningekueleza habari za sufuria. Kiamshakinywa saa moja, chakula cha mchana saa saba kamili, chai saa kumi. Wageni walipopiga kelele kwamba kuna viboko, mimi nilikuwa nimeinamia jiko nikichunga wali usishike. Nilijiona bingwa. Hakuna mgeni aliyewahi kushuka kwenye boti ile na njaa, na mimi sikuwahi kuinua kichwa.

Kwa hiyo Baba aliposema anataka kushuka na mto mpaka unapoishia, kazi yote niliichukua mimi. Niliichukua kwa pupa, maana nilikuwa na shida yangu. Shamba lake pale kijijini kwetu, Wema, lilikuwa linaliwa na mto. Kila mafuriko yalimega kipande: kwanza migomba, kisha miembe miwili, kisha tuta lote la mpunga. Mwaka huu ukingo ulifika hatua chache kutoka mlangoni pake. Kaka yangu, anayelima kwa maji ya mfereji kule Bura, alishamjengea chumba. Baba akakataa katakata. Tulimbembeleza, tukamnunia, tukamletea mchungaji. Jibu likawa lile lile.

"Nionyesheni kwanza linakokwenda shamba langu. Nikishaona, nitawajibu."

Mvua zilikuwa karibu. Kila nikilala nilikuwa nasikia ukuta wa nyumba ile ukianguka.

Tulipanda boti Garsen, alfajiri. Mwenye boti alikuwa mvuvi wa Kipini, mtu mpole, ila kwenye jambo moja hakutaka mzaha. "Saa kumi tuwe tumefika mlangoni mwa mto," alisema. "Baada ya hapo maji yanatoka, fungu la mchanga linatokeza, hatupiti. Na kesho mimi nina safari yangu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ratiba za boti nazijua mimi. Chai na mahamri tukiondoka, wali na samaki katikati ya njia, halafu Ozi tumsalimie shangazi, dada yake Baba, aliyeolewa huko tangu mimi sijazaliwa. Nilikuwa nimempigia simu jana yake: "Tutapita kukusalimia tu, shangazi, usijisumbue."

Nilikuwa namenya vitunguu Baba aliponiita.

"Wewe, njoo uone."

"Nakuja, Baba."

"Njoo sasa!"

Nikaenda na kisu mkononi. Ukingo mzima ulikuwa umejaa matundu, na kutoka kwenye yale matundu walikuwa wanamiminika ndege, keremkerem, wa kijani wenye koo jekundu, kundi baada ya kundi, hadi hewa yenyewe ikawa na rangi. Jamani! Hapa nimepita mara ngapi? Nimesimama hapa hapa nikikaanga mayai. Baba alikuwa ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili na kinywa kiko wazi. Nilisimama naye mpaka niliposikia harufu, na ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu wali kuungua mikononi mwangu.

Nikampakulia pale palipopona. Akasukuma sahani.

"Siwezi kumfikia dada yangu nimeshiba."

"Baba, tunamsalimia tu!"

Akageuka kutazama mto. Mwenye boti alikula sahani tatu, mimi nikakaa nimenuna, na mto ukazidi kutanuka. Mamba wawili waliteleza majini taratibu, bila haraka yoyote. Ndege mwari, weupe, wakapita juu yetu kwa safu, chini kabisa, nikasikia mbawa zao. Hasira zikaniishia bila ruhusa yangu.

Ozi tulifika saa tisa. Shangazi alikuwa bandarini na leso mpya, mkeka umetandikwa, na nyuma yake sufuria ya kuku wa nazi ikitokota. "Kimebaki kidogo tu," akasema.

Kidogo hicho nakijua. Hapo ndipo nilipogundua ujinga wangu. Kwetu ukimwambia mtu utapita, umeshaagiza chakula. Ungenyamaza ungesalimia ukaenda zako, lakini ukipiga simu, kuku amekufa. Mtoto wa Wema hafundishwi jambo hilo, na mimi nililisahau kwa kukaa na watalii.

Mwenye boti akaangalia maji, kisha akaniangalia mimi. "Bi mkubwa, tukiketi hapa, mlangoni hatufiki."

Baba alikuwa ameshavua viatu na kukaa. Kuinuka kwenye mkeka wa dada yake bila kuonja chochote asingeweza, hata kama bahari ingekuwa nyuma ya ile nyumba. Aliyasikia maneno ya mwenye boti. Akanitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Basi, mwanangu. Si neno."

Asipoona hajibu, na asipojibu mvua zitamkuta mle ndani.

Nikamwendea shangazi, nikamshika mikono. "Shangazi, panda na sufuria yako."

"Nipande wapi?"

"Botini. Jiko lina moto. Tutakula mbele yako, utupakulie mwenyewe, lakini tukiwa tunakwenda."

Alinikazia macho mpaka nikajuta kuzaliwa. Kisha akacheka, akapiga makofi. "Wewe mtoto, wazungu wamekuharibu! Haya, shika huo mkeka."

Akapanda, akaiweka sufuria yake juu ya jiko langu, na nilipotaka kukoroga akanipiga mkono na mwiko. "Kaa kule. Angalia mto." Nami nikakaa, jiko likiwa nyuma yangu. Mikoko ilianza, mirefu, mizizi yake nje kama vidole, na hewa ikawa na chumvi. Kuku akaiva njiani. Baba alikula kwa haja, akimsifu dada yake kila tonge, na boti haikusimama hata kidogo.

Halafu kingo zikaisha.

Sijui niseme vipi. Kulia hakuna kitu, kushoto hakuna kitu, mbele maji mpaka mwisho wa macho. Na katikati ya ile bahari ya buluu mto wetu ulikuwa bado unakwenda, mwekundu, mpana, umekataa kuchanganyika, unaingia ndani na ndani mpaka nikashindwa kuufuata. Mwili ulinisisimka. Shangazi, aliyeishi jirani na hapo miaka yote, alikuwa ameshika kifua.

Baba alisimama. Mwenye boti akapunguza mashine.

"Ule wekundu wote ni nini?"

"Ni udongo, mzee. Wa huko juu kwenu. Mafuriko yakija hufika mbali kuliko hapo."

Baba akavua kofia. Nilingoja machozi, nikajiandaa kumshika. Alitazama muda mrefu sana, kushoto, kulia, na mbele tena.

"Mungu wangu," akasema. "Kumbe si shamba langu peke yake. Miaka yote hii nilidhani mto una ugomvi na mimi."

Alivaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Mpigie kaka yako. Mwambie nitakwenda Bura."

Mwaka mzima nilikuwa nalitafuta jibu lile. Nilitoa simu, mtandao ulikuwepo, na nilikuwa nalia mpaka namba sizioni. Lakini sikupiga. Nilitaka abaki mtu wa Wema mpaka boti igeuke.