Mbuzi wa Faini

Kule kwetu Nyantakara, yowe liliingia mwilini kabla ya masikioni: "Uwiii!" moja ndefu, kisha ngoma inayopigwa haraka haraka bila kupumzika. Ukilisikia unaacha jembe, unaacha hata tonge la ugali, unakamata fimbo, panga au ndoo ya maji na kukimbilia linakotoka, maana huenda ni moto, huenda ni wezi wa ng'ombe. Asiyeitika alitozwa faini na sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, na aliyelipiga bure alitozwa mbuzi. Sisi watoto tuliijua sheria hiyo kuliko jedwali la kuzidisha.

Mwaka ule mama yangu, mkulima wa maharage na muhogo, aligombea udiwani. Mungu wangu, raha tuliyoipata! Nyumba ilijaa watu, nyimbo, vumbi na harufu ya rangi ya mabango. Lakini siku ya mwisho ya kampeni mpinzani wake, mwenye mashine ya kukoboa mahindi, alileta bendi nzima kutoka Biharamulo mjini. Sisi tulikuwa na kipaza sauti kimoja cha betri, nacho kikakata roho kabla ya salamu. Mbele ya mama tulibaki bibi, mimi na kuku wachache. Udiwani ulikuwa unatutoka huku tunauangalia. Hapo ndipo mjomba Bosco, ambaye haraka zake hazijawahi kuwa na baraka, alipokamata ngoma akapiga yowe.

Wakaja! Walitoka mashambani, walitoka kwenye bendi, wakaruka mitaro, mapanga juu, ndoo zikimwagika. Hata mpiga gitaa alikuja. Mzee Masanja, kamanda wa sungusungu, alifika akihema.

"Shikamoo, mzee," mama alisema.

"Marahaba. Wezi wako wapi?"

Mjomba alimkonyeza mama aseme ng'ombe wameswagwa kuelekea Kaniha. Angesema hivyo, umati ungemhurumia, naye asingedaiwa kitu.

"Hakuna mwizi, mzee. Ni yowe la uongo, na limepigwa kwangu. Mbuzi wangu yule pale, mchukueni."

Hakuwa na mbuzi mwingine, na machozi yalimtoka. Mbuzi alipochinjwa, wapambe wa mpinzani walipiga kelele kwamba mgombea analisha wapiga kura, kwamba hiyo ni takrima. Mzee Masanja aliwajibu huku akinoa kisu, "Takrima mtu hutoa akicheka. Huyu mama ametoa analia. Hii ni faini." Uwanja ukapasuka kwa kicheko, na mama, machozi yakiwa bado shavuni, akacheka nao.

Alishinda, akaongoza kata vipindi vitatu, na mpaka leo wengine humwita Diwani wa Mbuzi. Sasa amestaafu. Mikutano huitishwa kwa simu. Watu husoma ujumbe, wakanyamaza. Nilidhani yowe nalo limekufa, mpaka kiangazi hiki, nikiwa likizo, moto uliposhika paa la jiko lake. Mama alipiga yowe mara moja tu, kwa sauti ya kizee iliyokauka. Kabla sijapata ndoo uwanja ulikuwa umejaa, na yule mwenye mashine alikuwa wa kwanza kupanda paani. Nililia kwa furaha, nakiri. Mzee Masanja alifika wa mwisho, akijikongoja na mkongojo wake, moto umekwisha kuzimwa. Mama alimtazama, masizi usoni.

"Mzee, leo sina mbuzi."

"Leo hudaiwi," alijibu, akaketi kupumzika.