Kiti cha Babu Katika Hoteli ya Mashua

Kazi ya kuongoza watalii Kisumu ilinigharimu kiti kimoja cha miguu mitatu. Nimepiga hesabu mara mbili na jibu ni lile lile. Mshahara nililipwa, nikaula. Viatu vilivyoisha nilinunua vingine. Kiti hakijarudi.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya themanini, dereva na kiongozi kwa pamoja. Siku ya kwanza nilitoka chumbani kwangu mtaa wa Kaloleni alfajiri, shati limenyooka kwa pasi, nikamkuta Meneja wa Safari kando ya gari. Aliniuliza jambo moja tu.

"Bwana, unajua kuhesabu?"

"Ndiyo, mkubwa."

"Basi hesabu wageni wakipanda, uhesabu tena kabla gari halijaondoka. Dereva aliyekutangulia aliacha Mjerumani kwenye banda la nyoka mpaka makumbusho yakafungwa. Aliniapia kwamba alihesabu. Kumbe mara moja."

Mafunzo yangu yaliishia hapo. Mengine niliyaokota njiani, kama vile vocha, karatasi ambayo hoteli hubaki nayo ili idai malipo kwa kampuni. Ukiipoteza, mgeni amelala kwa gharama yako.

Asubuhi tulikwenda makumbusho. Wageni walitazama samaki kwenye vioo, wakawaogopa nyoka, kisha wakaingia kwenye boma la Kijaluo lililojengwa uani. Ndani ya nyumba moja kulikuwa na kiti cha mwenye boma. Mtunzaji wa makumbusho, mzee wa koti la kijivu, alikieleza kwa ukweli mtupu: "Hiki alikikalia mtu wa kawaida, mfuga ng'ombe." Wageni walipiga miayo. Mimi niliihesabu ile miayo.

Nikamwambia mtunzaji kwamba hata sisi tunacho kama hicho. Mafuriko yalikuwa yameingia nyumbani Ahero, na baba alikuwa amenipa kiti cha babu nikakiweke Kaloleni mpaka maji yatoke. Kwetu hakikaliwi na yeyote ila mwenye boma. Akifa, kifungua mimba wake hukalia kiti hicho mbele ya ukoo, ndipo neno lake nyumbani linapoanza kusikilizwa.

"Kilete hapa," alisema mtunzaji. "Nitaandika kadi: jina la babu yako, kijiji chenu. Mkiwa na shughuli nyumbani mnakuja kukichukua, mkimaliza mnarudisha."

"Na mimi napata nini, mzee?"

"Kadi."

Nilicheka mpaka getini.

Jioni wageni wangu walilala katika hoteli moja ya ufukweni ambayo sijaona nyingine kama hiyo. Vyumba vilikuwa mashua kuukuu zilizopinduliwa juu ya kuta, na ukilala unatazama mbavu zake. Ufunguo ulifungwa kwenye boya usizame. Wageni waliipenda hata pale ilipovuja. Sisi madereva tulilazwa kwenye stoo ya nyavu, na asubuhi tulinuka omena, wale dagaa wa ziwani, mpaka wageni wakafungua madirisha ya gari.

Mkurugenzi wa hoteli, aliyekuwa pia mwenye mali, alitafuta vitu vya kienyeji vya kupamba mapokezi. Nikakibeba kiti kutoka Kaloleni.

"Nitakipa kona nzuri," alisema. "Unataka nini?"

"Kitanda kila nikija. Na samaki, lakini si mkia."

"Kitanda na samaki nusu."

"Samaki mzima, na kitanda chenye neti."

"Wewe bwana ni mgumu. Haya, umeshinda."

Niliona kweli nimeshinda. Akaniuliza aandike nini kwenye kadi. Nikaikumbuka ile miayo. Nikamwambia kiti kilikuwa cha mtawala mkuu aliyekikalia siku tatu bila kuinuka mpaka koo mbili zikapatana. Akapiga chapa, nami nikatia sahihi na tarehe chini kama shahidi.

Wageni walikipiga picha kuliko ziwa. Niliisimulia hadithi hiyo miaka mingi, na mtawala akazidi kukaa: siku tatu zikawa tano, tano zikawa saba. Baba aliponiuliza habari za kiti, nilimjibu kiko salama. Hilo nalo niliona si uongo.

Katika miaka ya tisini gugu maji lilifunika ufukwe, mashua za kutembeza wageni zikakwama, na Mkurugenzi akauza hoteli na vyote vilivyokuwamo. Mwaka uliofuata baba akafariki. Kaka yangu mkubwa, Omolo, alinishika mkono mbele ya wazee.

"Omera, ndugu yangu, kiti cha baba kiko wapi? Watu wananingoja nikae."

Nilikwenda hotelini siku hiyo hiyo. Meneja mpya, mama kijana mwenye adabu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaileta ile kadi.

"Mzee, huyu mtawala ndiye babu yako?"

"Hapana, mama. Babu alifuga ng'ombe Ahero."

"Basi kiti si chake."

"Hiyo hadithi niliitunga mimi."

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulishuhudia kwamba ni kweli?"

"Nilishuhudia."

"Sasa, mzee, nikuamini ulipoandika au unaposema?"

Nilirudi mikono mitupu. Omolo alikalia kiti cha plastiki cha kukodi mbele ya ukoo mzima. Hakunitukana. Alisema tu, "Watu wa mjini mna kazi nyingi," na tangu siku hiyo huniita Bwana, kama mgeni.

Sasa nimestaafu. Mwezi uliopita niliingia makumbusho kwa tikiti yangu mwenyewe. Mtunzaji pia amestaafu, lakini kadi zake bado zipo. Nilikuta familia moja kutoka Nyalenda imerudisha kiti chao baada ya mazishi. Karani alisoma jina la babu yao, mfugaji asiyejulikana na mtu, akaweka tiki, kiti kikarudi mahali pake.

Omolo ni mgonjwa. Mtoto wake wa kwanza naye atahitaji kukaa. Kiti bado kiko pale mapokezi, nimekihesabu miguu: mitatu. Ninyi vijana mliosoma sheria, nishaurini. Uongo wangu una sahihi, tarehe na shahidi. Ukweli wangu nitauthibitisha kwa nini?