Mtafsiri wa Roketi wa Chanika na Sauti Inayomwambia "Bado"

Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili jioni. Nje ya banda la video la mama Stanley, Chanika, jua lingali linachoma mabati. Ndani ni giza. Madirisha yamepigiliwa nailoni nyeusi, na watu hamsini na kitu wamebanana kwenye mabenchi, kila mmoja analowa jasho la jirani yake.

Kwenye runinga roketi nyeupe imesimama wima upande wa pili wa dunia, inafuka moshi ubavuni.

"Msiogope, ule si moto," anasema Ismail Nangomwa kwenye maikrofoni. "Ule ni ubaridi. Oksijeni imepozwa mpaka imekuwa maji. Ukiigusa, mkono unaondoka wenyewe, wewe unabaki unautafuta."

Watu wanacheka. Anaanza kuhesabu na saa ya kwenye skrini. Hamsini. Arobaini na tisa. Banda zima linamfuata kwa sauti ya chini, kama wanaitikia dua.

Afikapo arobaini na moja, ananyamaza.

Skrini haijanyamaza. Arobaini. Thelathini na tisa. Thelathini na nane. Ismail amebana hedifoni kwenye sikio la kushoto, mdomo wazi, kama mtu aliyeitwa jina, akageuka, asione mtu. Hakuna anayekohoa.

Thelathini na moja. Namba zinaganda.

Hakuna anayepiga makofi. Mwanamke wa benchi la pili anavuta khanga kichwani na kutoka bila kumtazama.

Ismail ana miaka arobaini na moja, watoto watatu, na kazi ambayo ukiitaja benki wanaomba uirudie. Ni mtafsiri wa banda: anakaa pembeni ya runinga na kuzigeuza filamu za watu kuwa Kiswahili, sauti zote anafanya yeye, ya jambazi, ya polisi na ya mama mkwe. Siku nzuri anaondoka na elfu nane. Siku mbovu, elfu tatu na soda.

Roketi zilianza kwa bahati mbaya. Mwezi Januari king'amuzi cha banda kiliharibika kabla ya mechi, na mwenye banda, Demetria Ansbert, ambaye wote wanamwita mama Stanley, akamwambia atafute chochote kwenye simu aunganishe na runinga. Ismail akaangukia roketi inayorushwa moja kwa moja. Watu walioingia kwa ajili ya mpira walitoka wakiuliza nyingine ni lini.

"Mpira unajua utaanza," anasema Demetria. "Roketi hujui. Hapo ndipo wanapoipendea."

Hujui kweli. Ismail amewafundisha wateja wake sababu zote, na leo kinyozi wa Chanika anaweza kukueleza kwa nini roketi imeahirishwa vizuri kuliko anavyoweza kukunyoa. Chini nyasi hazitikisiki, kumbe kilomita kumi juu kuna upepo wa kuivunja roketi kama muwa. Wingu lina radi. Kifaa kimoja kinasoma joto tofauti na mwenzake. Mtu na boti lake kaingia eneo lililozuiwa, amekuja kupiga picha. Na ile oksijeni hujazwa mwisho kabisa. Mkizubaa inapata joto, inamwagwa, mnaanza upya. Kama roketi inakifuata kituo kinachoizunguka dunia, kituo hakimngoji mtu. Kikipita kimepita, njoo kesho.

"Na zile sekunde za mwisho si binadamu anayeamua," Ismail huwaambia. "Ni kompyuta. Ikiona kitu hata kidogo, inakata. Hairembi, haioni aibu."

Kinachowasumbua watu wa Chanika si kompyuta. Ni Ismail.

Tangu Januari ametafsiri roketi kumi na nne. Tisa zilisimamishwa, na mara zote tisa yeye alinyamaza kabla ya saa. Godlisten, fundi simu anayekaa karibu na mlango, alimpima: fupi kabisa sekunde nne, ndefu kumi.

Godlisten ana maelezo yake. "Ni mambo ya mtandao tu, braza. Sauti inatangulia picha. Yeye anawasikia wazungu kwenye hedifoni wakisema simamisheni, nyie mnaiona baadaye."

Maelezo mazuri. Yana tatizo moja. Hedifoni ya Ismail imekufa upande wa kushoto tangu mwezi wa tatu, na aliyeifungua akakuta waya umekatika ndani ni Godlisten huyohuyo. Ismail anapobana sikio, anabana la kushoto.

Anasikia nini?

"Mtu," anasema Ismail. "Anasema 'bado'. Kama anacheka."

Basi jina likapatikana. Watoto wanamwita DJ Bado. Wakubwa nao wakaanza utani, kisha utani ukapungua kicheko. "Bado, ziachie roketi za watu, bwana, wana shughuli zao huko juu!" Mama mmoja alikuja nyumbani kwake kumwomba asipite karibu na ukumbi siku ya harusi ya binti yake. Alikuwa na adabu zake zote, alianza na samahani.

Wateja wakaanza kupungua. Jioni ile namba zilipoganda thelathini na moja, Demetria alimngoja mlangoni.

"Isma, baba, mie sina ugomvi na mashetani yako. Lakini Alhamisi kuna nyingine. Ukininyamazia tena, kesho yake unakuja kuchukua kofia yako. Nimeshaongea na kijana wa Segerea, ana sauti kama redio."

"Na ikisimama yenyewe?"

"Isimame na wewe unaongea."

Ili kuelewa kwa nini sharti hilo jepesi lilimnyima Ismail usingizi, lazima urudi miaka tisa nyuma, kwenye gereji moja ya malori kule Chang'ombe.

Ismail alikuwa mhesabuji. Injini ya lori inaponyanyuliwa kwa winchi ya mnyororo, mtu mmoja huhesabu kutoka tano kushuka, na aliye chini anayeweka sawa hujibu. Akisema "twende", mnaendelea. Akisema "bado", kila mkono unaganda. Aliyekuwa chini kwa kawaida ni Kasimiri Chilumba, rafiki yake waliyetoka naye Newala.

Kasimiri alikuwa mtu wa masihara. "Tano, nne," Ismail anahesabu, na chini inatoka sauti: "Bado! Sijamaliza chai." Gereji nzima inaangua kicheko. "Bado! Nampigia simu Yuliana." Yuliana ni mkewe. Alikuwa akifanya hivyo mara tatu kwa siku, mpaka bosi akakasirika.

Asubuhi moja, Ismail alifika tatu. Chini ikasema, "Bado." Ndani ya neno lile kulikuwa na kicheko, au yeye alifikiri hivyo.

"Nikasema moyoni, leo hunipati," anasimulia Ismail. "Nikaendelea. Mbili. Moja."

Mnyororo uliteleza kwenye gurudumu lake, injini ikamwangukia aliye chini. Kasimiri aliishi siku tatu hospitalini bila kuzungumza.

Walipoulizwa, wote walisema mashine ya kusagia chuma ilikuwa inapiga kelele, hawakusikia kitu. Ismail naye akasema hakusikia kitu. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye injini.

Hilo hakumwambia mtu kwa miaka tisa, na zaidi ya wote hakumwambia Yuliana, anayekaanga maandazi Mbagala na kumwita Ismail shemeji. Alipanga kwenda kumwambia. Mvua ikanyesha. Akapanga tena, mtoto akaumwa. Pasaka ikamkuta hana nauli, Krismasi ikamkuta na nauli ila hana shati. "Roketi zina sababu za kweli," anasema. "Mie nilikuwa natunga."

Alhamisi banda lilijaa kuliko siku zote. Wengine hawakuja kuiona roketi, walikuja kumwona Ismail akifukuzwa. Kuna burudani ya bei nafuu kama hiyo?

Alianza vizuri. Sitini, hamsini, arobaini, sauti imesimama. Thelathini. Demetria akaanza kutabasamu. Ishirini na mbili.

Kushoto, kwenye upande uliokufa, sauti ikasema: "Bado."

Ismail akanyamaza. Banda likaguna. Wote wakaitazama skrini kusubiri namba zigande.

Hazikuganda. Kumi na tano. Tisa. Nne. Moto ukafumuka chini ya roketi, ikajinyanyua, ikaenda zake mbinguni bila hata kutetemeka.

"Leo umekwama wewe, Bado!" Godlisten alipiga kelele, na banda zima likalipuka kwa vicheko na miluzi.

Ismail peke yake hakucheka. Roketi imeondoka salama. Sasa lile "bado" lilikuwa la nani, kama si la hawa waliokaa humu ndani?

Akatazama juu. Hakuona kitu, ni giza na mabati. Akashika maikrofoni na kusema uongo ambao anajivunia mpaka leo.

"Jamani! Nje! Inapita juu ya Pugu, inaonekana kwa macho!"

Banda lilibaki tupu kabla hujamaliza kufunga kamba ya kiatu. Watu hamsini na tisa wakasimama uwanjani, shingo juu, mikono kwenye paji la uso. Angani kulikuwa na kunguru wawili. Wakangoja dakika tano. Wakangoja kumi. Kunguru mmoja akaondoka.

Nyuma yao banda lilikuwa limesimama kimya, mlango wazi, maikrofoni iliyoachwa inavuma peke yake.

Hakuna kilichotokea.

Demetria alimrudishia kila mtu mia tatu yake, akaingia ndani, akatoka na kofia ya Ismail.

Jumamosi fundi seremala, Leodegar, alikuja kutundika spika ya yule kijana wa Segerea. Alipanda ngazi juu ya mabenchi ya mbele, yale wanayogombania watoto, akaigonga kenchi ya paa kwa nyundo. Mlio haukumpendeza. Akaibonyeza kwa kidole. Kidole kikazama mpaka pingili ya pili. Mchwa walikuwa wameshakula kila kitu, wakaacha rangi.

"Mama Stanley," aliita kutoka juu, taratibu, kama anaogopa kuiamsha, "hii ilikuwa imesimama kwa mazoea tu."

Demetria alikwenda kwa Ismail mwenyewe, maikrofoni ameifunga kwenye khanga. "Sijaja kuomba radhi," alisema. "Nimekuletea kazi yako."

Ungetegemea afurahi. Hakufurahi. "Haikuanguka," anasema. "Pengine ingesimama mwaka mzima. Na zile roketi tisa, pengine zingeruka salama. Hutajua. Ukisubiri, hupewi ushahidi. Mie ushahidi nilipewa siku moja tu, siku ambayo sikusubiri."

Baada ya hapo ndipo alipokubali kusimulia ya Chang'ombe, kwa sharti moja: gazeti hili lisichape neno mpaka apige simu kutoka Mbagala, akiwa ameshamwambia Yuliana yote.

Makala haya yalipangwa kutoka Jumatatu. Hayakutoka, Jumapili ilinyesha. Yakapangwa Jumatatu iliyofuata. Hayakutoka, Ismail alifika mpaka kituo cha Rangi Tatu, palepale Mbagala, akageuza. Mara ya tatu hakutoa sababu, na hilo pekee lilionekana kama dalili nzuri.

Jumapili ya nne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, simu ililia.

"Nimemwambia," alisema Ismail. "Andikeni."

Anasema Yuliana alimsikiliza mpaka mwisho, ya gereji na ya ile sauti, mwiko mkononi, maandazi yanaungua. Hakulia na hakumfukuza. Ismail alijikuta anahesabu, kurudi nyuma. Kisha mjane akaipua karai na kumtazama kwa namna ambayo Ismail anasema hatakaa aisahau.

"Kumbe na wewe anakutaniaga?" Yuliana alimuuliza. "Mie kila nikitaka kufunga mlango usiku, namsikia, 'bado'. Miaka tisa, shemeji. Mpaka nikaacha kuweka komeo."

Banda la mama Stanley lina paa jipya. Ile roketi iliyoganda kwenye thelathini na moja, ambayo sasa imeahirishwa mara nne, imepangwa tena Jumanne saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Ismail atahesabu. Anatamani, kwa mara ya kwanza, afike sifuri bila kuogopa.

Yuliana ameomba awekewe nafasi benchi la mbele, upande wa kushoto. Ameomba nafasi mbili.