Rejista Ndani ya Sufuria

Siku vita vilipofika tukakimbilia mlimani, kila mtu alibeba kile alichoona hawezi kuishi bila hicho. Mama alibeba unga wa muhogo, na mdogo wangu mgongoni. Jirani yetu fundi alibeba cherehani kichwani, akiilaani kila hatua. Direkteri, yaani mwalimu mkuu, wa shule yetu ya Kasenga, ambaye pia ndiye aliyetufundisha mwaka wa sita, alipanda na sufuria kubwa ya bugali iliyofungwa kwa kitenge cha mke wake. Sisi watoto tulijua ni chakula. Tulimfuata nyuma kwa adabu ambayo hatukuwahi kumwonyesha darasani.

Jioni akafungua kitenge. Ndani kulikuwa na rejista ya shule na muhuri.

"Direkteri," mama akasema huku ameshika mbavu kwa kicheko, "hii tutaitia chumvi ngapi?"

"Cheka tu, mama. Unga yako itaisha wiki hii. Lakini hii rejista ikipotea, masomo, shule nzima, njo imekufa. Serikali haijue masomo kwa ukuta. Inaijua kwa majina."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nililala njaa nikimchukia kidogo.

Tuliporudi mjini Uvira, nusu ya paa la darasa letu ilikuwa imekwenda. Nakiri kwamba mimi nililipenda lile tundu. Kutoka kwenye dawati langu niliweza kuona mlima wote, na nikigeuka dirishani, ziwa lote. Asubuhi harufu ya ndagala, yaani dagaa, zilizoanikwa ilikuwa inaingia kabla ya mwalimu. Nyuma ya daftari la hesabu nilikuwa nachora ziwa, kwa sababu direkteri alituambia linafika mpaka Zambia, na nyumbani hakuna aliyeniamini. Ndoto yangu ilikuwa kuwa mwalimu wa ramani, kisha nipande meli mpaka ule mwisho wa ziwa nikahakikishe. Hata sasa, niliyeishia mwaka wa tatu wa sekondari, nikipata karatasi tupu, mkono unaanza wenyewe na Uvira na kushuka kusini.

Lakini darasa lilikuwa limepungua. Tuliorudi tulikuwa kumi na mmoja. Wengine saba walikuwa wamevuka kwenda Burundi, akiwemo rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja tangu mwaka wa kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa ananishikia rula nikichora ziwa.

Direkteri alipenda sheria za shule kama wanaume wengine wanavyopenda mpira. Alitufundisha kwamba shule yetu ilikuwa na baba wawili. Baba wa kwanza ni serikali, inayotakiwa kumlipa mwalimu na kumtuma inspekteri, mkaguzi wa shule. Wa pili ni kanisa Katoliki, linalotunza majengo, nidhamu na sala. Yule baba wa kwanza hakuonekana siku nyingi, na mwalimu alikuwa anaishi kwa muhogo na ndagala za wazazi wetu. Serikali zenyewe wakati ule zilikuwa mbili, moja mbali Kinshasa, nyingine hapa na bunduki zake. Cha ajabu, sheria ya shule ilibaki ile ile. Waliouchukua mji walibadilisha kila kitu, ila waliendelea kuuliza kama kengele imegongwa saa moja na nusu.

Na sheria hiyo, direkteri alituambia siku moja bila kuketi, inataka kila darasa liwe na idadi yake ya chini. Kwetu ni kumi na wanane; kumi na mmoja haitoshi. Inspekteri anakuja wiki ijayo. Akikuta tumepungua, mwaka wa sita unafungwa na wanafunzi wanapelekwa shule nyingine ya padri iliyo karibu.

Hiyo "karibu" ilikuwa na bariyeri tatu njiani, vizuizi vya askari. Mama alipopata habari aliacha kutwanga sombe, yale majani ya muhogo aliyokuwa anauza.

"Mutoto wangu wa kike hatapita mu zile bariyeri kila siku. Darasa ikifungwa, utakaa hapa, tutauza sombe pamoja."

"Na mutihani, mama?"

"Mutihani si muntu. Haitalia."

Nililia mimi kwa niaba yake.

Wazazi walikaa na direkteri, wakapata dawa. Kule Kilibula kulikuwa na shule ya Waprotestanti iliyojaa mpaka mlangoni. Watoto wengine walikaa juu ya matofali. Sisi tulikuwa chini ya idadi, wao walikuwa juu ya idadi. Kuwahamisha kabisa ilishindikana, maana mzazi gani Mprotestanti atamtoa mwanawe aende kwa padri? Lakini kuwakopesha asubuhi moja tu, hiyo direkteri wao aliikubali. Sare ni ile ile nchi nzima, bluu na nyeupe. Nani angejua?

Wakaja saba. Direkteri wetu akampa kila mmoja jina la mtoto mmoja aliyevuka, akawafanyisha mazoezi kama askari. Aliyepewa jina la rafiki yangu alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti kubwa, binti wa kiongozi wa kwaya. Alikaa kwenye nafasi ya huyo rafiki, upande wa dirisha. Kila alipoitwa kwa jina lile akajibu "Prezan!", yaani nipo, nilikuwa namkodolea macho.

"Mbona unaniangalia hivyo?" akaninong'oneza. "Minye sikuomba hii jina. Hata hainipendeze."

"Ni jina muzuri kuliko lako!"

"Unajua langu?"

Sikulijua.

Direkteri aliwafundisha majina, madawati, na kumsalimia inspekteri kwa Kifaransa. Kitu kimoja tu hakikumpitia kichwani, kwa sababu kwetu hakikuwa kitu cha kufundishwa.

Inspekteri akaja kwa pikipiki, suruali imefungwa kwa kamba miguuni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akasimama nyuma ya darasa. "Anzeni kama kila siku," akasema.

Kila siku kwetu ni ishara ya msalaba, kisha Salamu Maria. Mikono kumi na mmoja ikapanda kwenye vipaji vya nyuso. Wale saba wakakunja mikono kifuani, wakafumba macho. Na kabla hatujafika kwa Roho Mtakatifu, binti wa kwaya, aliyezoea kwamba kimya cha asubuhi kinamngoja mtu mmoja aongoze, akasimama na kuomba kwa sauti ya kufika sokoni:

"Ee Baba, tunakushukuru kwa asubuhi hii! Ubariki masomo hii ambayo si ya kwetu. Ubariki hawa bandugu ambao tumekuja kuwajaza, ili wahesabiwe vizuri, na utufikishe Kilibula salama kabla ya saa nane. Kwa jina la Yesu!"

"Amina!" wakaitikia wenzake sita, kwa furaha kabisa.

Sisi wengine tulibaki na vidole kwenye mabega. Direkteri alikuwa anaangalia lile tundu la paa kama mtu anayetaka kupandia pale. Inspekteri alifungua macho polepole. Na yeye alikuwa ameyafumba, kwa heshima. Akachukua rejista, akapita kati ya madawati mpaka letu, akaweka kidole kwenye jina la rafiki yangu.

"Huyu ni nani?" akaniuliza mimi, si yule msichana.

Nilitaka kudanganya. Nakumbuka hata neno lilikuwa limefika mdomoni. Lakini huyo mwenzangu alikuwa ametoka kumwambia Mungu kila kitu, nikaona mimi ni nani hata nidanganye.

"Huyo wa rejista alivuka, inspekteri. Lakini atarudi. Minye niko nachunga nafasi yake."

Inspekteri na direkteri wakatoka nje, wakasimama kando ya ukuta, chini kabisa ya dirisha letu. Sisi kumi na wanane tukasogea dirishani kusikiliza.

"Mukubwa mzima," inspekteri akasema, "unanifanyia michezo ya sinema?"

"Nihurumie. Nilikosa."

"Ulikosa mara mbili. Ya kwanza umedanganya. Ya pili umedanganya bure." Tukasikia kurasa zikifunguliwa. "Hawa saba waliovuka, kuna mzazi aliyekuja kuomba atestasio, ile barua ya kuhama?"

"Hapana. Walikimbia na ndala moja moja. Nani angekumbuka atestasio?"

"Basi hawajahama. Mutoto anatoka mu rejista kwa barua, hatoki kwa risasi. Wameandikwa, hawakuja, basi. Idadi iko inatosha." Akakohoa. "Lakini unisikilize. Utaita majina yote kila asubuhi, na utaweka alama kwa asiyekuja. Barua moja ikija, unafuta jina hilo siku ile ile, na mukipungua hata mmoja, ninafunga. Sawa?"

"Sawa, inspekteri."

"Na hawa wa Kilibula warudishe kwao. Wameshaomba wafike kabla ya saa nane."

Hivyo ndivyo ile sufuria ilivyotuokoa. Tangu siku ile direkteri aliita majina kumi na manane. Akifika kwa waliovuka, alikuwa anangoja kidogo, kalamu juu, kama kweli mtu angeweza kuingia akihema kutoka Burundi. Hakuna aliyetuambia tujibu, lakini polepole tukaanza. "Atarudi," tulikuwa tunasema, darasa zima. Ninayo mpaka leo masikioni, ile "atarudi" ya asubuhi, na kuku wa jirani wakipita mlangoni.

Halafu mama mdogo, ambaye alikuwa anavuka mpaka kuuza ndagala, akaniletea karatasi iliyokunjwa ndogo kama kidonge. Ilitoka kwa rafiki yangu, kambini. Aliandika kwamba huko wamefungua darasa la sita, lakini hawamkubali bila atestasio ya direkteri. *Fanya haraka, wanafunga kuandikisha mwisho wa wiki ijayo. Je, ziwa umefikisha wapi?*

Nilisoma mara moja tu, nikaificha kwenye daftari la hesabu, palepale nyuma. Siku hiyo direkteri aliita jina lake, tukajibu "Atarudi". Kesho yake vilevile. Siku ya tatu wote walijibu, mimi nikashindwa kufungua mdomo. Atestasio ikitoka, jina linafutwa. Jina likifutwa, tunapungua mmoja, na mimi ninarudi kwenye kinu cha sombe. Isipotoka, yeye anakaa mlangoni mwa darasa la kule, akisikiliza tu. Mmoja wetu alikuwa lazima akose, na karatasi ilikuwa kwangu.

Nilimwambia mama, nikitumaini atanikataza.

Hakunikataza. Alikaa, akafuta mikono kwenye kitenge. "Weye ndiye aliandikiwa," akasema. "Kama angeandikia minye, ningeshajua la kufanya."

Nikampelekea direkteri. Alisoma amesimama, akaniangalia, akaangalia tarehe ambayo rafiki yangu aliiandika juu.

"Umekaa nayo siku tatu?"

"Siku tatu, mwalimu."

Hakunipiga. Aliandika atestasio kwa mwandiko wake wa sherehe, akaupulizia muhuri pumzi ili wino ushike, akagonga. Kisha akachukua rula na kalamu nyekundu ya biki, akapiga mstari juu ya lile jina. Aliupiga taratibu sana, kama mtu anayekata kitambaa cha mwingine.

"Kesho nitamwandikia inspekteri," akasema. "Sheria ni sheria hata ikituuma."

Kutwa nilizunguka bila kujua ninakwenda wapi, mpaka nikajikuta Kilibula, mbele ya ile shule ya kukalia matofali. Yule binti wa kwaya alikuwa anatoka, sketi ina vumbi jekundu nyuma.

"Eh! Mwenye jina muzuri!" akanipigia kelele. "Umekuja kutukopa tena?"

Nikamweleza yote, nikilia katikati. Akanisikiliza huku anajipangusa sketi.

"Kule kwenu kiti iko tupu sasa? Tupu kabisa?"

"Tupu."

"Upande wa dirisha?"

Baba yake hakutaka ahamie kwetu. Kesho yake asubuhi alikuja Kasenga yeye mwenyewe, amevaa tai, kuuliza kama binti yake atapigishwa magoti mbele ya sanamu. Hapo direkteri alikuwa kwenye uwanja wake. Akamtolea kile kitabu chembamba cha sheria, kilicholiwa na mende pembeni, akamwonyesha kwa kidole: shule ya kanisa inalindwa na serikali kwa ajili ya watoto wote, na hakuna mtoto anayekataliwa au kulazimishwa kwa sababu ya dini yake. Yule mzazi alisoma mistari ile mara mbili, midomo ikitembea.

"Na hapa atakaa juu ya dawati?"

"Juu ya dawati, mzee. Yeye na mwenzake, wawili tu."

Atestasio ya Kilibula ilikuja siku ile ile ambayo ya kwetu ilivuka kwenda Burundi, ndani ya beseni la ndagala la mama mdogo. Barua kwa inspekteri haikuhitajika tena. Mtihani tuliufanya palepale, chini ya tundu la paa, na karatasi yangu ilipata tone moja la mvua kwenye jibu la jiografia.

Lakini nikikumbuka mwaka ule, ninaanza na asubuhi binti wa kwaya alipoingia kwetu kwa jina lake mwenyewe, lililoandikwa mwisho kabisa wa ukurasa, wino bado mbichi. Alikaa upande wa dirisha. Nikampa rula anishikie, na hakuniuliza ni ya nini.

"Anzeni kama kila siku," direkteri akasema.

Msichana akanyoosha kidole. "Mwalimu, tuanze na sala ya kwenu ao ya kwetu?"

Direkteri akaangalia saa yake, akaangalia ziwa, akaangalia saa tena.

"Zote mbili," akasema. "Lakini yako, mama, uifupishe."