Mtoto wa Nne

Ninaandika kwa kujitegemea hapa Matogoro: makala za magazeti, risala za mahafali, na zaidi wasifu wa marehemu, maana watu hawaachi kufa. Kukosolewa nimekuzoea. Naitikia kwa kichwa, nasema asante kwa maoni, kisha naenda kutukana nyumbani nikimenya viazi.

Lakini yule bwana alinishinda.

Alikuwa mtoto mkubwa wa marehemu, mtumishi wa serikali mjini, shati limenyooshwa hata msibani. Baba yake alilima tumbaku Namtumbo maisha yake yote. Nilikaa na akina mama waliokuwa wakipika pale msibani, nikaandika walichonisimulia: mabani ya kukaushia tumbaku aliyoyajenga kwa mikono yake, na watoto wanne aliowaacha. Wa nne ni binti aliyempata nje ya ndoa. Ndiye aliyemuuguza, akamwogesha na kumlisha uji mpaka siku ya mwisho.

Bwana akasoma akiwa amesimama, kalamu mkononi.

"Wewe ni mwandishi gani? Maneno mengi kama gazeti la udaku! Hayo ya mabani toa, baba hakuwa kibarua. Na huyu wa mwisho mtoe. Andika watoto watatu."

"Lakini kaka, ndiye aliyemuuguza."

"Nimekuita uandike, sikukuita unifundishe ukoo wangu."

Kwa desturi ya huku, wasifu ukishasomwa makaburini, basi. Asiyetajwa haitwi kwenye kikao cha ukoo, na yule binti angetolewa kwenye nyumba aliyomuuguzia baba yake hata kabla ya kuanua matanga. Bwana alilijua hilo vizuri. Nilimchukia, nikaichukia na kalamu yake.

"Asante kwa maoni, kaka. Nitarekebisha."

Nikarekebisha kweli. Kazi ya mteja ni ya mteja.

Ila hakuwahi kuniuliza kwetu ni wapi. Mimi ni Mbena, wao ni Wangoni, yaani sisi ni watani. Kwenye msiba wa Mngoni sidaiwi adabu, na anayenikasirikia ndiye anayechekwa.

Kesho yake makaburini bwana akausoma wasifu kwa sauti nzito: watoto watatu. Binti alisimama nyuma kabisa, amejiziba mdomo kwa kanga. Jeneza lilipoinuliwa nikavua viatu, nikashuka kaburini, nikakaa.

"Hazikwi mtu hapa! Nyie Wangoni kuhesabu hamjui? Mzee kaacha wanne, mmesoma watatu. Mmoja mmemla?"

Watu wakaangua kicheko, katekista naye akageuka pembeni mabega yakimtikisika. Bwana akatoa pochi, maana watani huondolewa hivyo.

"Hela yako sitaki. Nataka wa nne!"

Jasho likamtoka. Kunivuta hawezi, kukasirika hawezi, na wazee wa ukoo walishaanza kumwambia amalize, jua linawaka. Akataja jina la dada yake, mara ya kwanza kwa kunong'ona. Nikamwambia huku chini sisikii. Akarudia kwa nguvu, ukoo mzima ukasikia. Yule binti, aliyekuwa hajalia tangu msiba uanze, akaangua kilio.

Nikapanda juu, sketi imejaa udongo.

Jioni bwana akanitumia ujumbe: "Umefanya kazi bila weledi wowote. Hutapata kazi kwangu tena."

Nikamjibu: "Asante kwa maoni, kaka. Nitayazingatia."