Hajaniuliza Mgongo

Jumamosi, mwezi wa tatu. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakoma ghafula, na joto likapanda kutoka ziwani. Sikusoma sana, kwa hiyo naandika polepole nisimuonee mtu.

Leo tulifanya mtihani wa umonitere, mtaani Kimanga, nyuma ya karakana ya fundi vyuma. Anayefaulu anapewa cheti cha kufundisha watu mazoezi. Mwenzangu wa mtihani alikuwa ameahidiwa kazi hotelini, kando ya ziwa. Kilibaki cheti tu.

Nilimtambua tangu juma la kwanza. Katika vita iliyotangulia, yeye na wenzake wenye bunduki walitukamata kwetu Bwegera, wakatubebesha mpunga wetu wenyewe mpaka Lemera. Yeye ndiye alinitwika gunia, akalipiga kofi kwa juu kama mtu anayeondosha ng'ombe. Mgongo wangu haujapona. Ni lazima niseme pia: kwenye kijito alinipa maji, na wengine hawakupewa. Lakini maji yale hayakupunguza chuki yangu.

Nilianza minye kumfundisha yeye. Mwalimu alikuwa ametuambia mara nyingi: kabla ya kupasha misuli moto, kabla hata ya kupima mapigo ya moyo, muulize mtu habari za mwili wake. Nikamuuliza: moyo? Presha? Mfupa uliovunjika?

"Mzee, weye unaniuliza kama padri mu kitubio!"

Wenzetu wakacheka. Akasema goti la kushoto liliingiwa na risasi. Nikampunguzia uzito. Alipochuchumaa na chuma begani, kile chenye makopo ya saruji ncha zote mbili, nilisimama nyuma yake ili nikidake kikimshinda. Kurudisha mikono kidogo tu kungetosha. Sikuirudisha. Sijui kama ni wema au ni woga wa kukosa cheti.

Zamu yake ikafika. Alinipasha mwili moto vizuri, sikatai, na mapigo ya moyo aliyahesabu sawasawa. Kisha akaniwekea chuma begani, akakipiga kofi.

"Haya mzee, shuka, panda!"

Nilikitua chini.

"Iko nini?" mwalimu akauliza.

"Hajaniuliza kitu. Nina mgongo mbovu."

"Si ungesema!" yule akafoka.

"Hata siku ya Lemera hukuniuliza."

Alinitazama, uso ukabadilika. "Ni weye?"

"Ni minye."

"Nilikupa maji."

"Ulinipa. Nikanywa."

Mwalimu hakuelewa yote, lakini alielewa ya mtihani. "Kumpakia mtu bila kumuuliza ni kosa kubwa. Ila mengine amefanya vizuri. Mzee, mgongo ni wako. Tumupe nafasi nyingine leo hii?"

"Hapana. Arudie masomo yote."

Mlangoni yule mtu aligeuka. "Mu hotel hawataningoja," akasema, bila ukali.

"Najua," nikamjibu.

Pengine nilimngoja akosee, maana ningeweza kumdokezea. Nilifikiria hilo njia nzima, na furaha haikuondoka.

Jioni tulikula wali wa Bwegera na ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Nikamwomba mama watoto aniongezee.