Waya Mweusi wa Raili

Kwetu Kuhmo, huku kaskazini kwenye theluji, humwendei mtu hivi hivi; lazima uwe na sababu mkononi. Mimi nilibeba ngazi. Nilikuwa nimeiazima kwa jirani yangu Ensio vuli iliyopita, nikaikalia miezi saba makusudi, nikijua itafika siku nitaihitaji.

Siku yenyewe ilikuwa mwishoni mwa Aprili, theluji imebaki viraka viraka nyuma ya banda lake. Tangu amzike mkewe, Raili, Ensio alikuwa hatoki. Aliishusha injini ya pikipiki ya marehemu, akaifumua na kuifunga upya, kisha akaiweka juu ya meza ya mbao aijaribu kabla ya kuirudisha kwenye fremu. Binti yao aliyeko mjini Turku alimtaka ahamie kwake. Ensio akamjibu: ikiwaka kabla ya Mei Mosi, nabaki, isipowaka, njoo unichukue. Ajabu ya mtu, kuyaweka maisha yake rehani kwa chuma! Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikizihesabu siku. Akiondoka yeye, hakuna dirisha jingine lenye taa ninaloliona kutoka kwangu.

“Ngazi hii,” nikasema.

“Miezi saba, Taisto! Ulikuwa unapanda mbinguni?”

“Nilifika nusu, nikaambiwa kahawa yao mbaya kuliko yako. Nikashuka.”

Hakucheka. Alinionyesha stata, mota ya kuwashia injini, kwa bisibisi. “Hii imenishinda. Brashi nimebadilisha. Betri nimechaji. Nikiibana peke yake kwenye jiliwa, inazunguka vizuri kabisa. Nikiifunga kwenye injini, kimya. Hata tik haisemi.”

“Hebu nione.”

Mkono wa kulia akagusisha waya mwekundu kwenye skrubu ya stata, wa kushoto ameshika kebo ya mafuta. Kimya. Akarudia. Shingo ikamwiva.

“Imekufa,” akasema. “Kesho nampigia binti.”

Nilikasirika, nakiri. Alilisema upesi mno, kama mtu aliyekuwa akilingojea. Nikainamia meza nitafute la kumbishia, ndipo nikauona waya mweusi, ule wa hasi. Umetoka kwenye betri, umelala juu ya mbao, haugusi kitu. Injini ikiwa ndani ya pikipiki, fremu ya chuma ndiyo inayourudisha umeme kwenye waya huu; stata ikiwa kwenye jiliwa, ni chuma cha jiliwa. Ubao haupitishi umeme hata ukiubembeleza.

“Jirani, na huu anaushika nani?”

“Raili,” akajibu papo hapo, bila kuinua kichwa.

Kisha akakisikia alichokisema.

Kibano cha waya ule kilivunjika springi zamani, hakishiki chenyewe. Miaka thelathini na moja, kila injini ilipopanda mezani, Raili alisimama upande wa pili akikikandamiza kwa mkono, akimtania mumewe. Kwa Ensio hiyo haikuwa hatua ya kazi. Alikuwa Raili tu, amesimama pale.

Akaweka bisibisi chini, akajifuta macho kwa kitambaa cha grisi, alama nyeusi ikabaki shavuni.

“Kidole kimoja hakivunji chawa,” nikasema, nikazunguka meza nikasimama upande ule. “Haya, washa.”

Nikakandamiza kibano kwenye injini. Cheche ikaruka, stata ikazunguka, injini ikakohoa mara mbili, ikawaka. Banda likajaa moshi. Ensio aliisikiliza amefumba macho, kisha akaizima.

“Nitahitaji kibano kipya,” akasema.

“Mpaka mjini Kajaani. Mbali.”

“Mbali kweli.” Akaokota spana, akairudisha palepale. Sijawahi kumsikia mtu huyu akiomba kitu. “Kesho nataka kurekebisha kabureta. Kama… kama una nafasi.”

“Nitaangalia.”

Nikaiacha ngazi, nikarudi kwangu. Kwenye droo ya jikoni nina vibano vinne, vizima vyote. Nikaifunga droo.